Ndege Sita wa Meza ya Upanga

Mama yangu wa Magomeni,

Arobaini yako imesomwa Jumapili. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na masufuria ya pilau, kwa sababu sikujua siku hizi nafasi yangu ni ipi katika nyumba ile. Wenye haki walikaa mbele. Kila mmoja alisema lake juu yako, ulivyokuwa mkarimu, ulivyokuwa mpole, ulivyokuwa humdhanii mtu vibaya. Hapo nusura nicheke, Mungu anisamehe. Mwanamke mmoja nisiyemjua akanigeukia, akauliza, "Na wewe dada, marehemu ulimjuaje?" Nikamjibu kwamba tuliwahi kukaa nyumba moja. Akaridhika, akarudi kwenye sahani yake. Yetu sisi wawili hayakuwa ya kusimulia pale, ndiyo maana nimekaa leo nikuandikie.

Mwaka ule kiwanda cha mbao kilipofungwa, wewe hukujua. Walitukusanya uwanjani, wakasoma majina ya watakaobaki kulinda mashine mpaka apatikane mnunuzi. Jina langu halikuwamo. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, makontena yanashuka bandarini kila wiki na viwanda vyetu vinazimwa kimoja kimoja. Nilikuwa nimekaa miaka sita kwenye mashine ya kukereza, nikitengeneza miguu ya meza na vifundo vya milango ya makabati. Nilirudi nyumbani saa ileile ya kila siku, nikakuamkia. Ukanijibu, "Marahaba, mwanangu. Habari za kazini?"

"Njema, mama."

Huo ndio uongo wangu wa kwanza kwako, na ulitoka bila taabu.

Sikukuficha kwa ujeuri. Uliponipokea kwako, ulinipeleka kwa majirani mlango kwa mlango ukisema, "Huyu ndiye mke wa Hamisi, anafanya kazi kiwandani." Hukutaja kwetu Upare wala wazazi wangu. Kiwandani, basi. Kisha mwaka ukapita, wa pili, wa tatu, wa nne, na tumbo langu liko vilevile. Ulianza kunitazama kiunoni nikipita ukumbini. Nikaona kilichobaki cha kunitetea mle ndani ni ile kazi tu, na sasa hata hiyo imekwenda.

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata nilivaa koti langu la bluu la kiwandani kama kawaida, nikatoka. Nilikwenda Gerezani kwa fundi Mbaraka, yule mzee aliyekuwa akija kiwandani kwetu kuchukua vipande vya mbao. Akanionyesha kona ya karakana yake. "Jiriwa la kubania mbao hilo hapo, patasi leta zako," alisema. "Na mimi sitakuuliza kama nyumbani kwenu wanajua."

Pale ndipo Mama Jyoti wa Upanga aliponikuta. Alikuja na mguu uliovunjika wa meza yake ya uani, akaona kibakuli nilichokuwa nakisugua msasa. Akakishika, akakipindua.

"Kariakoo siku hizi maduka yamejaa," alisema. "Lakini nikienda nyumba hii, nikienda ile, maua ya plastiki yaleyale, sinia lilelile. Wakwe wa binti yangu wanakuja kunywa chai kwangu, uani. Mimi nataka meza ambayo hawajaiona popote."

Akaniagiza bakuli lenye matunda ya mbao, vikalio vya kuwekea glasi, na ndege sita wa kukaa juu ya vitambaa vya mikono, maana upepo unaopita katikati ya maghorofa yao ulikuwa hauachi kitambaa mezani.

Nataka nikueleze kazi yenyewe, mama, kwa sababu siku zile hukuniuliza, na mimi sikukwambia. Kitu cha kukaa nje kina shida zake. Jua linakipasua na mvua inakivimbisha. Nilichagua mninga uliokauka miaka, nikachonga mwili. Kichwa nilikichonga peke yake, kwa mbao nyeupe kidogo, nikakiunga kwa kijiti na gundi, halafu nikakaza shingo kwa uzi mpaka gundi ishike. Uzi niliokuwa nao ulikuwa mwekundu. Baada ya hapo ni kupaka nta ya nyuki, na hiyo huwezi kuipakia karakanani, vumbi la mbao lote linanasa humo. Ndiyo maana nilikuwa nabeba ndege wangu nyumbani mchana, wewe ukiwa umekwenda darasani kwa mwalimu wako wa Kurani, nikawapaka chumbani na kuwaficha uvunguni. Niliwafunga kwa kitambaa cha marekani kwa sababu marekani haiachi nyuzi kwenye nta. Macho niliyaacha mwisho. Ukiyachimba mapema, msasa unayafuta.

Wiki ya pili nikagundua kwamba unaninusa.

Nilikuona dirishani. Ulikuwa uani kwenye kamba, umeshika khanga yangu iliyokauka, umeibandika puani. Ulivuta pumzi ndefu, ukaiachia, ukaivuta tena. Jioni ukaniita.

"Mariamu, kiwandani siku hizi mnapika asali?"

"Hapana, mama. Kwa nini?"

"Nguo zako zinanuka nyuki."

"Ni dawa tu, mama. Dawa ya mbao."

"Dawa," ulisema. Kisha ukasema tena, polepole, "Dawa."

Tangu siku ile kila nilichofanya kilikuwa na macho juu yake. Nikienda bafuni, mlango wako unafunguka. Nikifagia chumba, unakuja kutazama nilichofagia. Siku moja niliona umeinama penye takataka zangu, umeokota unga wa mbao kwa vidole viwili na kuufunga kwenye pindo la khanga. Nilijiuliza, mama huyu anautaka wa nini? Nikaanza na mimi kukuchunguza. Ulikuwa ukitoka nyumbani saa ambazo hukuwa na desturi ya kutoka. Ulikuwa ukirudi macho mekundu. Mwanamke mgeni, mnene kidogo, alikuja mara mbili mkanong'ona mlangoni, na nilipotokeza mkaanza kuzungumzia bei ya mchele.

Halafu ndege mmoja akapotea.

Niliwahesabu mara tatu. Watano. Niligeuza godoro, nikatoa sanduku, nikapekua viatu vya Hamisi. Nilikaa sakafuni, na sikuwa na shaka hata kidogo kwamba ni wewe. Nilifikiri umejua kazi imekwisha, umeona nimejitafutia nyingine, na unataka niharibikiwe nifungashe virago nirudi Upare, Hamisi aoe mwenye kuzaa. Chai ya Upanga ilikuwa imebaki siku tatu. Nilikwenda Kariakoo mchana uleule, nikanunua kufuli, nikalipiga kwenye mlango wa chumba.

Uliporudi ulisimama mbele ya lile kufuli, mkoba bado mkononi.

"Hili la nani?"

"Langu, mama."

"Humu ndani kuna mwizi?"

"Sijasema hivyo."

"Kufuli limesema." Ukalishika, ukalivuta mara moja, likalia kwenye mbao. "Miaka thelathini nyumba hii, mlango wa ndani haujawahi kufungwa. Unaficha nini, Mariamu?"

"Na wewe, mama, unatafuta nini?"

Ulinitazama kwa namna ambayo sikuielewa. Nilitegemea hasira, lakini kama sikosei uliogopa. Ulirudi nyuma hatua mbili kabla ya kunipa mgongo.

Hamisi aliporudi safari na lori lake ukamwambia. Alikuja chumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mama anasema kuna kitu unaficha."

"Na wewe unasemaje?"

Akanikazia macho. "Umeambiwa nini?"

"Kuhusu nini?"

"Basi. Hakuna." Akavaa viatu alivyovivua dakika ile, akatoka. Nilibaki nimeshika shati lake. Nilijua sasa kwamba katika nyumba ile kila mtu ana jambo lake, na langu ndilo dogo kuliko yote. Lakini sikujua yao ni yapi.

Siku ya chai nilitoka asubuhi na kikapu. Ndege watano, bakuli, matunda, vikalio, na mfukoni mwa koti patasi ndogo na vijiti, maana macho ya wale ndege nilikusudia kuyachimba palepale. Niliamua kwenda kwa miguu. Nilipovuka Jangwani na kuingia Mtaa wa Msimbazi nikakuona. Ulikuwa nyuma yangu, umesimama penye muuza vitunguu, unachambua vitunguu bila kuvitazama. Wewe, ambaye vitunguu vya Kariakoo ulisema vyote vimeoza.

Nikageuka Mtaa wa Kongo, nikajichanganya kwenye mitumba. Nilisimama nyuma ya rundo la makoti, nikakuona unapita, shingo ndefu, unauliza watu kitu. Nilingoja. Nilitokea upande wa pili, nikazunguka soko, nikakata kwenda Upanga jasho likinitiririka. Nilijiona nimekushinda. Wala sikujiuliza kwa nini mwanamke wa umri wako, mwenye magoti mabovu, anifuate mwendo wote ule.

Mama Jyoti alikuwa ameshatandika kitambaa cheupe. Nilipanga vitu, akawa anapiga makofi kidogo kidogo kila nikiweka kimoja. Kisha akahesabu.

"Ndege wa sita yuko wapi?"

Kabla sijatunga jibu, mlango wa uani ukagongwa. Ulikuwa umesimama na mlinzi, unahema, vumbi limekufika magotini. Sijui mpaka leo ni nani aliyekuelekeza. Ulipita moja kwa moja mpaka mezani, ukafungua pindo la khanga, ukamwaga vipande viwili juu ya kitambaa cheupe: mwili wa ndege umevimba kwa maji, na kichwa chake pembeni.

"Nimeleta," ulisema, na sauti yako haikuwa yako. "Mwambieni aliyewatuma hawa ndege aache. Nimeleta, aache."

Mama Jyoti alikutazama wewe, akanitazama mimi. "Mama, huyu ni ndege wa meza," alisema taratibu. "Anakaa hapa, anashika kitambaa. Upepo." Akamchukua mmoja wa wale watano, akakuwekea juu ya kitambaa mbele yako. Upepo ulipopita, ncha za kitambaa zikainuka, ndege akabaki. Mlitazamana wewe na yule ndege.

"Wa meza," ulisema.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Kiwanda kilifungwa. Hii ndiyo kazi yangu sasa."

Ulivuta kiti, ukakaa bila kukaribishwa. Ukafunika uso kwa mikono. "Kwa hiyo si kwa ajili ya mtoto," ulisema.

"Mtoto gani?"

Uliondoa mikono usoni. Nadhani palepale ulijua umeshasema, na halirudi. Mama Jyoti akasema anakwenda kutazama chai, akaingia ndani na kufunga mlango nyuma yake.

"Mtoto gani, mama?"

Ukaniambia. Ulisema ukitazama meza. Buguruni kuna mwanamke, yule mnene aliyekuwa akija mlangoni. Ana mtoto wa Hamisi, wa kike, mwaka na miezi. Wewe ulijua tangu mimba. Kisha ukaniinulia macho: wiki ile mtoto alishikwa na degedege, anakakamaa, macho yanageuka juu, ule ugonjwa ambao ninyi wazee mnasema ni ndege anayempitia mtoto. Ulitoka kwake ukilia, ukaingia chumbani kwangu kutafuta ile dawa yenye harufu ya nyuki. Ukainama uvunguni. Ukafungua marekani, ileile tunayoshonea sanda. Ndani yake ndege, hawana macho, uzi mwekundu umekaza shingo zao.

Mimi nilikusudia njiwa. Wewe uliona bundi.

"Nilijua umepata habari," ulisema. "Nilijua umekwenda kumfanyia mtoto. Nikasema, mwanamke huyu ana haki ya kukasirika. Tumemfanyia vibaya." Ulimpeleka ndege kwa mganga, akakwambia umloweke siku saba kwenye maji ya majani na kisha umtupe baharini. Ulimloweka. Siku ya pili kichwa kikatoka, ukaona ndani kijiti na gundi, kama mguu wa kiti. Hapo ukaanza kutojua uamini nini, ukaamua kunifuata.

"Yuko wapi sasa, huyo mtoto?"

"Hospitali. Tangu jana."

Ulikuwa unanitazama sana. Kisha nikasema, kwa sababu sikuwa na kitu kingine mikononi, "Wageni wanakuja saa kumi. Ndege huyu lazima asimame."

Mbao iliyoloa haishiki gundi. Ilibidi nikate shingo upya, nichimbe tundu la kubana, nipigilie kijiti kikavu kikae kwa nguvu zake. Na pale hapakuwa na jiriwa.

"Shika hapa, mama. Kaza vidole viwili, huku na huku."

Uliitazama patasi. Nilikuwa nimeinoa asubuhi. "Ukinikata je?"

"Nikikukata utakuwa umepata jibu lako."

Sijui nililitoa wapi neno lile. Ukaweka mikono juu ya meza, ukamshika ndege. Nilipopiga patasi, ncha yake ilikuwa upana wa kucha kutoka kwenye kidole gumba chako. Hukuangalia patasi hata mara moja. Uliangalia uso wangu, kwa muda wote, kama unasoma.

Kichwa kikasimama. Ukampindua ndege huku na huku.

"Hana macho," ulisema.

Nikamchimba macho, nikawachimba wenzake, ukiwa umekaa palepale. Tulitoka pamoja mpaka getini. Hapo ndipo ulipolitoa la mwisho.

"Anaitwa Zuhura."

Jina lako. Mwanamke nilimvumilia, na mtoto, na miezi yote ile mliyonong'ona nyuma yangu. Lakini jina lile niliwahi kumwahidi Hamisi tukiwa wachumba, kwamba binti yetu wa kwanza atakuwa Zuhura.

"Ulikubali?" nikakuuliza.

"Nilikubali."

Hukuniomba radhi na mimi sikuidai.

Mtoto alipona. Ilikuwa malaria, walimtibu, wiki haikuisha akatoka. Mimi niliomba talaka kabla ya Ramadhani, na Hamisi akanipa bila ubishi, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nilihamia chumba cha kupanga karibu na Gerezani. Wale wakwe wa Upanga waliipenda meza, mmoja wao akaniagiza vya kwake, na tangu hapo sijakaa bila kazi.

Na wewe ukaanza kuja. Alhamisi, mara nyingi, miaka na miaka. Ulikaa kwenye benchi la fundi Mbaraka, ukachukua kila nilichotengeneza na kukipindua kutazama chini yake.

"Hiki cha nini?"

"Cha kuwekea chumvi, mama."

"Na huu uzi?"

"Wa kukazia gundi."

"Haya." Ukakirudisha. Hukupata kununua hata kimoja, wala hukukubali zawadi. Nilipokupa kikombe cha chai ulingoja ninywe changu kwanza. Niliona, mama. Niliona kila mara. Watu wa karakana walisema, angalia mkwe anavyopendwa, ameachwa na bado mama anamfuata. Mimi nilikuwa sijui kama unakuja kuniangalia hali au kunichunguza. Bado sijui.

Jumapili, pale kwenye masufuria, msichana mrefu alikuja na birika. "Shikamoo, mama. Umepata chai?" Nikamwitikia. Ana paji lako la uso na namna yako ya kumkazia mtu macho. Hajui mimi ni nani. Alipokwenda kwa mwingine nilibaki na kikombe mkononi, nikaona kwamba kuna jambo sijawahi kulitamka kwa mtu, na aliyestahili kulisikia ameshafukiwa.

Pale mezani Upanga, uliponiambia mtoto anakakamaa na macho yanageuka juu, nilifurahi. Haikuchukua muda, labda pumzi moja, labda mbili. Sikuwa nimemfanyia mtu kitu. Lakini nilisikia kwamba anateseka, na kitu ndani yangu kikasema, vizuri. Kisha aibu ikanijaa mwili mzima, ndipo nikakuuliza yuko wapi. Ulikuwa unanitazama usoni wakati ule, mama, na wewe hukuwa mtu wa kupitwa na kitu. Nimejiuliza miaka yote kama uliiona ile furaha. Kama ndiyo iliyokuwa ikikuleta Gerezani kugeuza vitu vyangu, kama ndiyo iliyokuwa ikikufanya ungoje ninywe kwanza.

Nikiamini hukuiona, basi ulinisingizia tu, na nimekusamehe zamani. Lakini nadhani uliiona. Uliiona, na bado, dakika chache tu baadaye, uliweka mikono yako yote miwili chini ya patasi yangu.

Mungu akulaze pema, mama. Nisamehe ile pumzi moja.

Ni mimi, niliyekuwa mke wa mwanao na ambaye hukuacha kuniita mwanangu,

Mariamu